Kujiandikisha Kutoa Viungo Baada ya Kifo: Hukumu Yake na Mambo ya Kujua Kabla ya Kuamua

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Pemba. Binti yake anaishi na kufanya kazi Uingereza, na siku moja katika mazungumzo ya simu alimtajia, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba ameandikisha jina lake katika daftari la watu watakaotoa viungo vyao wakifa. Mama anasema simu ilimkalia mkononi asijue la kusema, na tangu siku hiyo mazungumzo yao yamekuwa mafupi. Anauliza mambo matatu. Je, jambo hili linajuzu? Je, mwanawe akifa huko ataoshwa na kusaliwa kama Waislamu wengine, na atafufuliwa vipi ilhali viungo vyake vimo katika miili ya watu? Na je, yeye kama mama ana haki ya kumwambia afute jina?

Si suala la kwanza la aina hii kutufikia. Familia nyingi za visiwani zina watoto Uingereza, Ufaransa, Omani na nchi nyingine za Ghuba, na katika baadhi ya nchi hizo sheria imeshawaingiza katika jambo hili hata kama wao wenyewe hawajalifikiria. Kwa hiyo tumeona tulieleze kwa urefu, na jawabu ya mama tumeiweka mwisho, kwa sababu haiwezi kueleweka bila ya haya yanayotangulia.

Mambo yasichanganywe

Watu wakisikia "kutoa viungo" huchanganya mambo manne. Kuna kutoa damu, ambayo mwili huizalisha tena, na hili halina mgogoro mkubwa leo. Kuna mtu aliye hai kumpa ndugu yake figo moja au sehemu ya ini. Kuna kutoa viungo baada ya kifo: figo, ini, moyo, mapafu, kongosho. Na kuna kutoa tishu baada ya kifo, hasa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho.

Hayo mawili ya mwisho yanatofautiana sana, na wengi hawajui. Ili moyo au figo za maiti zifae, kifo lazima kitokee hospitali, mara nyingi katika wodi ya wagonjwa mahututi, kwa sababu viungo hivyo huharibika upesi damu inaposimama. Moyo ukishatolewa huvumilia kama saa nne hadi sita tu, figo huvumilia zaidi. Ndiyo maana Uingereza inasema kwamba kati ya watu 100 wanaofariki, ni kama mmoja tu ambaye kifo chake kinaruhusu viungo kutumika. Konea huweza kuchukuliwa hata saa kadhaa baada ya mtu kufa, popote alipofia. Anayejiandikisha basi ajue kwamba kwa hesabu ya kawaida hakuna kitakachochukuliwa kwake, na kikichukuliwa huenda ikawa ni konea.

Kwa nini vitabu vya zamani havikulitaja

Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ni ya mwaka 1954 mjini Boston, Marekani, baina ya ndugu pacha. Moyo wa kwanza ulipandikizwa na daktari Christiaan Barnard mjini Cape Town mwezi Disemba 1967. Mafakihi waliotutangulia hawakuwa na jambo hili mbele yao, na hakuna aya wala hadithi inayolitaja kwa jina. Hukumu yake ni ya ijtihadi, na ijtihadi hupokea khitilafu. Anayemwambia mwenzake kwamba ametoka katika dini kwa kujiandikisha, au kwamba ni katili kwa kukataa, amevuka mpaka wa suala lenyewe.

Mabaraza ya fiqhi yamesema nini

Mwaka 1982 Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia, katika azimio namba 99, lilijuzisha kuhamisha kiungo kutoka kwa maiti kwenda kwa aliye hai mwenye dharura, na pia aliye hai kujitolea. Januari 1985 Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita ya Makka likasema kama hivyo. Kisha Februari 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah na kutoa azimio namba 26, ambalo ndilo lenye maelezo marefu zaidi na ndilo linalotegemewa na wengi.

Azimio hilo linakataza kumtoa mtu aliye hai kiungo ambacho uhai wake unakitegemea, kama moyo. Linakataza pia kumtoa aliye hai kitu kitakachoondoa kazi ya msingi ya mwili wake, kama konea za macho yote mawili. Linajuzisha kutumia kiungo kilichotolewa kwa sababu ya maradhi, mfano mtu ameondolewa jicho na konea yake bado ni nzima. Na linajuzisha kuchukua kutoka kwa maiti kumpa aliye hai ambaye uhai wake, au kazi ya msingi ya mwili wake, inategemea kiungo hicho, kwa sharti kwamba maiti aliruhusu kabla ya kufa, au warithi wake wameruhusu, au mtawala wa Waislamu ameruhusu ikiwa maiti hajulikani au hana warithi. Yote haya yasiwe kwa kuuza. Kiungo cha binadamu hakiuzwi kwa hali yoyote. Baraza hilo hilo mwaka 1990 likakataza kupandikiza korodani na ovari, kwa kuwa zinaendelea kubeba nasaba ya mwenyewe hata zikiwa katika mwili wa mwingine.

Hoja yao kubwa ni kanuni ya dharura, iliyojengwa juu ya aya ya 173 ya Suratul-Baqara na zinazofanana nayo, pamoja na aya ya 32 ya Suratul-Maida, ambamo kuihuisha nafsi moja kumefananishwa na kuwahuisha watu wote.

Waliokataza, na uzito wa hoja zao

Isidhaniwe kwamba wanaokataza ni watu wasiosoma. Sheikh Muhammad Mutawalli al-Sha'rawi wa Misri alikataza, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mwili si mali yako, ni milki ya Allah, na mtu hatoi asichokimiliki. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia naye hakuona kwamba inajuzu, ingawa wenzake wengi barazani walijuzisha. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani aliandika kukataza, na wanavyuoni wengi wa Bara Hindi walimfuata.

Hadithi wanayoitegemea ni ile iliyopokewa na Bibi Aisha (R.A), iliyomo kwa Abu Daud na Ibn Majah, yenye maana kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Maiti wa Kiislamu ana heshima. Aya ya 70 ya Suratul-Israa imetaja kwamba wanaadamu wametukuzwa, na utukufu huo hauondoki kwa kifo.

Waliojuzisha hawakuikataa hadithi hiyo. Walisema inazungumzia kumfanyia maiti udhalilifu na uadui, si upasuaji wa uangalifu wenye lengo la kuokoa. Walisema pia kwamba hadithi imemfananisha maiti na aliye hai, na aliye hai tunampasua kwa ajili ya tiba na hatuiti udhalilifu. Anayekataza atajibu: tunampasua kwa maslahi yake mwenyewe, si ya mwingine. Hapo ndipo khitilafu ilipo kweli, na ndiyo maana mtu mwenye akili anaweza kusimama upande wowote.

Ndani ya madhehebu yetu

Sisi wa visiwani wengi wetu ni Mashafii, na wazee wetu watauliza: wenyewe Mashafii wanasemaje? Vitabu vyao vina mambo matatu yaliyo karibu na suala hili.

La kwanza ni mama mjamzito aliyekufa na mtoto tumboni anatarajiwa kuishi. Kwa Mashafii tumbo hupasuliwa ili mtoto atolewe, yaani maslahi ya aliye hai yametangulizwa juu ya uzima wa mwili wa maiti.

La pili ni mtu aliyefikwa na njaa ya kufa asipate chochote ila maiti ya binadamu. Kauli sahihi ya madhehebu, kama alivyoieleza Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika al-Majmu', ni kwamba anajuzu kula kiasi cha kumzuilia mauti. Lakini wakasema asiipike wala asiichome, kwa sababu haja imekidhiwa bila ya hilo, na kuipika ni kuzidisha kuvunja heshima. Mtu akisoma hapo anaona jinsi walivyokuwa wakipima: dharura inafungua mlango, na heshima ya maiti inaamua mlango ufunguliwe kiasi gani.

La tatu linakwenda upande wa pili, na waandishi wengi wa siku hizi hulipita kimya. Imamu Nawawi ametaja katika mlango huo huo kwamba mtu mzima hajuzu kujikata sehemu ya mwili wake ampe mwenye njaa. Kwa dhahiri yake hili linakataza mtu aliye hai kutoa figo. Waliojuzisha leo wanasema sababu ya katazo ilikuwa kwamba kujikata zama hizo kulimpeleka mtu kwenye kifo, na kifo cha mtoa figo anayepasuliwa na mabingwa leo ni chini ya mmoja katika kila watu 1,000, hivyo sababu imeondoka. Sisi tunaiona jawabu hii kuwa nzuri, lakini lazima tukiri kwamba kwa kufuata herufi ya vitabu vyetu, kutoa baada ya kifo kuna njia nyepesi zaidi kuliko kutoa ungali hai. Watu wengi hudhani kinyume chake.

Kifo ni kipi?

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asome polepole, kwa sababu anayejaza fomu bila ya kulielewa hili hajui alichokiridhia.

Viungo huchukuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni baada ya kile wanachokiita kifo cha shina la ubongo. Mtu amepata ajali au amepasuka mshipa kichwani. Ubongo umekufa, hawezi kupumua mwenyewe kabisa, lakini mashine ya kupumulia inaingiza hewa, na kwa sababu hewa inaingia moyo bado unapiga. Ukimgusa ana joto. Uingereza inataka madaktari wawili wazoefu, wasio wa timu ya upandikizaji, wafanye vipimo mara mbili kabla ya kusema amekufa. Katika vipimo hivyo huangalia kama mboni zinajibu mwanga, kama anakohoa koo likiguswa, na kama anajaribu kupumua mashine ikisimamishwa. Akithibitishwa kuwa amekufa, viungo hutolewa moyo ungali unapiga kwa msaada wa mashine.

Njia ya pili ni baada ya moyo kusimama. Madaktari na familia wameafikiana kwamba tiba haina faida tena, mashine inaondolewa, moyo unasimama, wanasubiri dakika 5 bila ya dalili yoyote ya kurejea, kisha kifo kinatangazwa na ndipo upasuaji unaanza.

Mabaraza mawili tuliyoyataja yamekhitilafiana kuhusu njia ya kwanza. Baraza la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwezi Oktoba 1986, lilisema mtu anahukumiwa kuwa amekufa kwa moja ya dalili mbili: moyo na pumzi kusimama kabisa kusikorejea, au kazi zote za ubongo kusimama kabisa, madaktari mabingwa wakahukumu kwamba hakuna kurejea na ubongo umeanza kuharibika. Baraza la Makka, katika kikao cha mwaka 1987, likasema mashine inajuzu kuondolewa kwa mtu wa hali hiyo, lakini kisharia hahukumiwi kuwa amekufa mpaka moyo na pumzi zisimame baada ya mashine kuondolewa.

Khitilafu hii ni nzito. Kwayo huamuliwa eda ya mke inaanza saa ngapi, nani amemrithi nani ikiwa wawili wamefariki siku moja, na kubwa kuliko yote, je, anayetolewa moyo alikuwa maiti au alikuwa hai? Azimio la 1988 lenyewe limesema kiungo kinachotegemewa na uhai hakichukuliwi kwa aliye hai. Basi anayeona kauli ya Makka ndiyo sahihi hawezi kuridhia njia ya kwanza, ingawa anaweza kuridhia ya pili. Uingereza, Baraza la Sharia la Waislamu lilitoa fatwa mwaka 1995 kukubali kifo cha shina la ubongo na kuruhusu Waislamu kubeba kadi za kutoa viungo. Miaka 24 baadaye, mwaka 2019, Mufti Mohammed Zubair Butt alitoa fatwa nyingine ndefu, iliyojuzisha kwa masharti, na sehemu kubwa ya fatwa hiyo inashughulika na suala hili hili la kifo.

Sisi wenyewe tunaoandika ukurasa huu hatukuafikiana. Mmoja wetu anaona vipimo vya ubongo vikifanywa kwa uaminifu vinatosha. Mwingine anasema hawezi kumwita maiti mtu ambaye moyo wake unapiga, na kwamba yeye akiandika ridhaa ataandika kwa njia ya pili peke yake. Tumekaa vikao vitatu na kila mmoja yuko pale pale. Tunalolikubali sote ni kwamba asili ya kutoa viungo baada ya kifo, kwa masharti yaliyotajwa, inajuzu na ina thawabu kwa mwenye nia njema, na kwamba anayekataa hana dhambi.

Kuoshwa, kusaliwa na kufufuliwa

Mchango wa viungo haumzuilii maiti haki zake nne: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Baada ya upasuaji mwili hushonwa kama mtu aliyefanyiwa operesheni, na haukatwi vipande kama wengi wanavyokhofu. Aliyetolewa konea hubaki na sura yake, macho yakafumbwa. Waoshaji wajue tu kwamba kuna mshono mrefu kifuani na tumboni, wamwage maji taratibu, na kama kuna sehemu inayovuja waifunge kwa pamba na kitambaa kabla ya sanda. Ikiwa kuna sehemu haiwezi kupata maji, Mashafii wana tayamamu.

Linalosumbua zaidi ni muda. Upasuaji hupangwa kwa saa, na mazishi huweza kuchelewa kwa takribani siku moja. Familia inayotaka maiti isafirishwe kuja kuzikwa nyumbani itachelewa zaidi kwa sababu ya usafiri na karatasi zake kuliko kwa sababu ya viungo. Hilo la kusafirisha maiti lina maneno yake, tutaliandikia siku nyingine inshaallah.

Ama kufufuliwa, tunaomba tuulize tu. Ndugu zetu waliozama na MV Spice Islander Septemba 2011 karibu na Nungwi hawakupatikana wote. Wavuvi wetu wangapi wameliwa na samaki katika mkondo wa Pemba tangu babu zetu? Bwana Hamza (R.A) alikatwakatwa mwili wake siku ya Uhud, naye ni bwana wa mashahidi. Aya za 3 na 4 za Suratul-Qiyama zinamjibu anayedhani kwamba mifupa haitakusanywa, zikataja kwamba Allah ni muweza wa kuziweka sawa hata ncha za vidole. Aliyekuumba mara ya kwanza hahitaji figo yako ibaki kaburini ili akurejeshe.

Na khofu nyingine, kwamba jicho langu litatazama haramu katika uso wa mtu mwingine na dhambi zinifikie mimi, haina msingi. Hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Waliojuzisha hawakuweka pia sharti kwamba mpokeaji awe Muislamu, na katika daftari za Ulaya mtoaji hachagui nani atapewa.

Sheria za nchi wanazoishi watoto wetu

Wales ilibadilisha sheria Disemba 2015, England tarehe 20 Mei 2020, Scotland Machi 2021 na Ireland ya Kaskazini Juni 2023. Maana ya mabadiliko hayo ni moja: mtu mzima asiyesema kitu huhesabiwa kwamba hakatai. Umri ni kuanzia miaka 18, na Scotland ni 16. Waliokaa nchini chini ya miezi 12 hawaingii. Ufaransa ina msingi huo tangu mwaka 1976, na hili linawahusu ndugu zetu Wangazija walioko Marseille, Réunion na Mayotte; asiyetaka huandika jina lake katika daftari la taifa la wanaokataa.

Kwa hiyo kule Uingereza mtu hana budi kusema lolote. Katika daftari la Idara ya Afya ya Taifa, NHS, anaweza kuandika kwamba anakubali vyote, au anakubali baadhi tu, mfano figo ndiyo na moyo hapana. Anaweza kuandika kwamba hakubali. Anaweza kuteua mtu mmoja au wawili wamwamulie. Na kuna sehemu ya kuomba kwamba wauguzi wazungumze na familia yake kuhusu namna ya kutekeleza bila ya kukhalifu dini yake. Uamuzi hubadilishwa wakati wowote. Hata hivyo, familia huulizwa siku ya msiba, na huko familia ikikataa kabisa kwa kawaida haiendelei. Ndiyo sababu kuandika peke yake hakutoshi, ni lazima uwaambie watu wako.

Nchi za Kiislamu nazo zimelifungulia mlango. Saudi Arabia ina kituo cha taifa cha upandikizaji tangu miaka ya 1980, na Mei 2021 Mfalme Salman na mrithi wake walijiandikisha wenyewe hadharani. Falme za Kiarabu zilitunga sheria yake mwaka 2016.

Na huku kwetu?

Huku Zanzibar na Tanzania Bara mtu hana daftari la kuandikisha jina kama lile la Uingereza. Upandikizaji unaofanyika ni wa figo kutoka kwa aliye hai. Muhimbili ilianza Novemba 2017 kwa msaada wa madaktari wa India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa India na ndugu yake wa kumpa figo akafuatana naye. Kwa wasomaji wetu wa Lamu na Mombasa, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ina sehemu maalumu ya viungo na tishu.

Anayesafishwa damu kwa mashine pale Mnazi Mmoja au kwingineko hukaa hapo kama saa nne, mara tatu kwa wiki, kwa kawaida. Kwa mtu wa kisiwa kidogo maana yake ni kuhama nyumbani, kuacha mashua au shamba, na kukaa kwa jamaa mjini. Haya ndiyo wanayokusudia mabaraza wanaposema dharura.

Tahadhari yetu hapa ni juu ya kulazimishana. Tumesikia nyumba ambamo ndugu mmoja, mara nyingi asiye na kazi au dada asiyeolewa, ndiye anayeelekezewa macho ya wote. Hiyo si ridhaa. Kutoa figo ni hisani, na hisani haidaiwi. Mtoaji apewe nafasi ya kuzungumza na daktari peke yake, mbali na familia, na akisema hapana, daktari anaweza kuwaambia tu kwamba hafai kitabibu. Na anayeuza, au anayemtafutia tajiri figo ya masikini, ameingia katika haramu iliyoafikiwa na mabaraza yote. Zawadi baada ya tendo, isiyokuwa na makubaliano kabla, imeachiwa ijtihadi.

Jawabu kwa mama

Mama yetu, suala la kwanza na la pili umeshayapata huko juu: jambo alilolifanya binti yako linajuzu kwa kauli ya mabaraza makubwa, na haki za janaza yake ziko pale pale.

La tatu ndilo lililotushughulisha. Mwili si mali, kwa hivyo haya si mambo ya thuluthi ya wasia. Ni idhini, na mwenye kuitoa ni mtu mzima mwenye akili mwenyewe. Binti yako ana haki hiyo, na kwa tunavyofahamu, hana wajibu wa kufuta kwa sababu tu umemwambia, maana hakufanya maasi. Lakini kujiandikisha si faradhi pia, na kukuondolea wewe huzuni ni katika wema aliousiwa. Akifuta kwa ajili yako hapati dhambi. Akibaki, si mwana mwasi.

Usimwanzie na kufuta. Mpigie simu, muulize kwanza: ameandika viungo vyote au baadhi? Amejua tofauti ya zile njia mbili za kifo, na ameridhia ipi? Na amemteua nani wa kuzungumza na wauguzi siku hiyo, ambaye ni Muislamu, anayejua kwamba mama yake yuko Pemba na nambari yake ya simu ni ipi? Huenda hayo mawili ya mwisho hajayafikiria. Ikiwa hana mtu kule, aandike barua fupi kwa lugha ya huko na kwa Kiswahili, itiwe saini na mashahidi wawili, moja akae nayo, moja aipeleke kwa imamu wa msikiti anaosali, moja akuletee wewe.

Na ikiwa hata baada ya hayo moyo wako hautulii, mwambie hivyo hivyo kwa ulimi wako. Ni bora ayasikie kwako sasa kuliko kuulizwa wewe na muuguzi usiyemjua, kwa simu, usiku.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.